Saksafoni ya Marehemu na Jenereta ya Mwenyekiti

Swahiba, umelala? Amka ucheke.

Mwenyekiti wa jengo kanigongea sasa hivi. "Mzee, zima hiyo saksafoni, watu wanalala!"

Saksafoni! Santuri ya jazi ya marehemu mke wangu, ya kunong'ona, ndiyo kelele. Jenereta ya mwenyekiti chini ya dirisha langu ni bembelezo. Nilipolalamika, si aliniambia niandikie kamati barua?

Haya, nikazima.

Dakika tano tu, karudi. Mpole huyo! "Mzee wangu, mwanangu kaamka. Alishalala kwa ile ya piano uliyopiga mwanzo..."

Ile ya piano, swahiba! Ile ninayokwambia kila siku uisikilize taa zikizimwa.

Nikamwambia aandikie kamati barua.

Halafu nimeiwasha. Mtoto hana kosa, bado hajapewa cheo.