Saa ya Taa za Dagaa

Rusimbi, Kigoma
Julai, 2019

Dada yangu Zuleha,

Shikamoo. Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wanangu wote huko Tabora. Natumaini kile kifua kimekuachia. Mimi naendelea, namshukuru Mungu, na kazi ya kutengeneza taa za mitumbwi ya dagaa pale Kibirizi bado inanilisha.

Mwaka huu alinijia Mrundi mmoja, Nikodemu, mwalimu wa riadha katika kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu. Kuna msichana anayemfundisha mbio za mita mia nane, Verediana, kiziwi tangu kuzaliwa. Wenzake wakimaliza mzunguko wa kwanza hutajiwa muda wao kwa sauti, wakajua kama waongeze mwendo. Yeye hukimbia kwa kubahatisha, na wakubwa wa timu walishataka kumwacha. Nikodemu akaniuliza, kama taa zinawaita dagaa, zitashindwaje kumwonyesha binti muda?

Nilikubali hata hajamaliza. Tulichukua mbao za mtumbwi uliopasuka, tukapanga juu yake taa za LED nilizong'oa kwenye taa mbovu, zikaandika tarakimu za kuonekana ng'ambo ya uwanja. Bodi ndogo ya kuhesabu niliagiza Dar es Salaam, umeme ukatoka kwenye betri ya pikipiki. Mara ya kwanza nane ilisomeka sifuri. Nikodemu alicheka hadi akakaa chini. Kisha jua likazimeza taa zote, mpaka tulipozifunika kwa bati tulilolipaka rangi nyeusi. Kila alipopata kibali cha kutoka kambini alikuja, tukala ugali kwa samaki wa migebuka. Nyumba ikawa na mtu.

Mashindano yalipokaribia, jina la Nikodemu likasomwa kwenye orodha ya msafara wa kurudi Burundi. Alinishika mabega, akaniomba saa ifike uwanjani hata kama yeye hayupo.

Niliipakia kwenye lori la mahindi, tukapita Kidahwe mpaka uwanjani. Kitambaa cha mwamuzi kiliposhuka nikabonyeza swichi. Verediana alipopita mara ya kwanza aliitupia saa jicho, akaona amechelewa, akakaza. Akawapita wasichana wawili, akamaliza wa pili. Hawatamwacha tena. Alikuja akaisoma saa, kisha akageuka kumtafuta mwalimu wake, kwa mazoea tu. Alipokumbuka, aliinama akafungua viatu.

Sasa dada, nikwambie lililonishikisha kalamu. Habari zimenifikia kwamba unasema nina kiburi, sipokei simu zako. Si kiburi. Masikio yangu yamekufa. Yalianza kufifia masika, na daktari amesema hayatarudi. Wateja nawatazama midomo; nisipoelewa, nacheka nao. Nikodemu peke yake ndiye aliyegundua, akaanza kunifundisha ishara za mikono bila kunihoji. Siku ile uwanja mzima ulikuwa umeachama kwa kelele, nami sikusikia hata moja. Tangu avuke mpaka, hakuna anayezungumza nami.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Nafasi ikipatikana, panda treni uje. Nitakungoja stesheni. Ukiniona nimekupa mgongo usiniite, dada. Nishike bega.

Ndimi mdogo wako,
Hamdani