Matcha Yangu na Maziwa ya Mama Mukashema

Mama Ihirwe mpendwa,

Kabla hujanisaidia, ujue unaandikiwa na kijana mwenye ngozi laini kuliko wote Kigali, hata kofia ya pikipiki inanitelezea kichwani, na hapa Nyabugogo ninapopakia abiria, wenzangu wananiita Kioo. Shule niliacha mapema lakini uso wangu una digrii. Siri ni matcha, ile chai ya Kijapani iliyosagwa ikawa unga wa kijani, nilionyeshwa na Wambui, Mkenya ninayempeleka kazini Kimihurura, basi kila asubuhi nakoroga kijiko kimoja kwa maji moto, nakunywa, naosha uso, napaka mafuta, halafu najiangalia kwa kioo cha pikipiki mpaka abiria anauliza, "Wewe sha, tunaenda ama unajichumbia?"

Sasa shida iko hivi. Mchumba wangu Umutoni wa Nyakabanda hapokei simu wiki ya pili hii, na mwezi ujao wazee wangu walikuwa waende kumposa. Wenzangu wanasema ni wivu, namshinda uso, na mimi siwezi kubishana na ukweli. Naomba msaada, nipunguze kupendeza?

Ah, iko kitu kidogo nilisahau. Jumapili ile Umutoni aliponipeleka kwao, mama yake, Mukashema, alinipa maziwa kwa mikono miwili. Mimi maziwa nimeacha, yananiletea chunusi, lakini kukataa niliona aibu, basi nikatoa kopo langu mfukoni, nikamwaga matcha ndani ya kikombe chake, nikakoroga na kalamu mpaka maziwa yakawa kijani, nikamwambia, "Sasa yamekuwa dawa, mama." Kisha akasema, "Kwetu majani anakula ng'ombe." Nilicheka peke yangu. Umutoni alikuwa analia.

Niyongabo, Nyabugogo

*

Wewe Kioo,

Uso umeupa nusu ya barua, maziwa ukayaweka mwishoni eti ulisahau. Hukusahau. Pole, naona binti unampenda, lakini wivu wa nini, mwanangu? Mama wa watu amekupokea kwa kile anachompa mtu anayemtaka nyumbani kwake, wewe ukamwonyesha kwamba hakifai mpaka kitiwe unga wako. Na kalamu! Ungeonja kidogo, ukashukuru, ingetosha.

Matcha yako kunywa, nani kakukataza? Kunywa kwako, asubuhi, na kikombe chako.

Sasa sikia. Umutoni usimpigie tena kwanza. Tafuta baba yako mdogo au mzee yeyote wa kwenu anayejua kuongea, mwende Nyakabanda mchana, na kopo libaki nyumbani. Omba radhi kwa mama, bila utani hata mmoja. Asipokupa maziwa, kaa kimya, aga vizuri, urudi Jumapili nyingine. Akikupa, ndiyo amekusamehe huyo. Kunywa mpaka chini.

Na ukiamka na chunusi, usiipake kitu. Mpelekee Umutoni aione.

Mama Ihirwe