Kinachogonga Nyuma ya Pikapu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimeanza kwenda kazini Hurlingham na pikapu ya marehemu mume wangu. Kila tuta — kong'! Nyuma, kushoto. Fundi wa Kabiria alisema shoksi, akasema bushi, mwisho akasema hajui. Angalau ni mkweli!

Jumanne, 10 Juni
Nimeuliza kwenye kundi la WhatsApp la mume wangu, la wenye magari ya milima na matope. Kwa simu yake. Wengi hawakuwahi kuonana naye, nami sijawaambia. Wanadhani ni yeye!

Oyoo: "Musembi, ulipotea wapi buda? Ongeza radio, hiyo noise itaisha." Lenox: "Beba mother-in-law. Hutasikia kitu ingine."

Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikalia, mchele ukaungua.

Alhamisi, 12 Juni
Jacklyne, naye wa kundini, anashauri Oyoo alazwe nyuma asikilize. Oyoo amekubali, mradi apewe mto na chapati. Nikajibu vile Musembi angejibu: chapati ujibebee. Wakacheka!

Najua si vizuri. Lakini kwingine kote ameshazikwa, pale bado wanamtania. Nikisema, nitamzika mara ya pili, tena peke yangu.

Jumamosi, 14 Juni
Zedekiah, mzee wao, ameacha mzaha. "Musembi, si ni wewe ulitufundisha? Kabla ufungue kitu yoyote, angalia jack kama imefungwa."

Nikashuka pakingi, nikafungua kasha la vifaa. Jeki imelala tu, haijafungwa! Mkanda wake mwekundu haupo.

Nilikaa chini palepale kwenye saruji, majirani wa Kileleshwa wakipita. Mkanda niliutoa mimi, siku ile tulipompeleka nyumbani Makueni kwa pikapu yake mwenyewe. Barabara mbaya, jeneza linateleza, kamba hazitoshi. Tukalifunga kwa huo mkanda. Hakuna aliyekumbuka kuurudisha. Miezi yote hii, jeki haijafungwa.

Nimewaandikia: ni jeki. Vicheko, makofi! Kisha Zedekiah akauliza: "Na ile strap yako red? Ulifunga nayo nini?"

Nimeandika, nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta. Wao wameanza kubahatisha. Lenox anasema friji. Oyoo anasema ng'ombe wa mahari, aliyekataa kupanda lori.

Sasa Jacklyne amewanyamazisha: ngojeni kwanza, Musembi anaandika —