Chumba cha Mama Melini

Nyumba ya Nne, Nyuma ya Kiwanda cha Vioo,
S.L.P. 418.
14 Agosti

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu za dada yako mkubwa, ambaye bado anatembea kwa kuyumbayumba ingawa sakafu ya jikoni imetulia siku ya tano leo. U hali gani? Kile kikohozi kimeshakuaga, au bado mnakaa pamoja? Mkeo hajambo? Na mwanao, yale meno mawili ya kwenye picha yameshakuwa mangapi? Sisi huku wazima. Goti la Mama linanung'unika asubuhi na kunyamaza likishakunywa chai. Dada yako wa kati mzima wa afya. Mumewe, shemeji yako Kapteni, naye mzima, ila amepungua maneno, na sababu utaisoma huko chini.

Uliuliza kwenye simu tulisafiri vipi, laini ikakatika kabla sijajibu. Heri ilikatika. Mambo mengine hayafai kusimuliwa mtu akiwa amesimama.

Safari ya kwanza ya Mama kwenda kwa Mama Mdogo huwezi kuikumbuka, ulikuwa na miaka minne. Alipanda meli ya mizigo, akatapika siku tatu, akashushwa kwa machela na kupelekwa moja kwa moja hospitali. Mama Mdogo alimwona dada yake akiwa amefumba macho. Akarudi kwa lori la jamaa, siku nne, na tangu hapo, miaka thelathini na moja, wamekuwa wakisikiana tu. Ndege daktari wa masikio amemkataza. Barabara, goti limeikataa. Ikabaki meli ya watalii, ile kubwa kama mtaa mzima, inayotia nanga kwa Mama Mdogo siku ya tatu, kwa saa tisa tu. Mama alikubali kwa sharti moja. Alisema, "Napanda. Lakini safari hii mdogo wangu anione nimesimama."

Kwa hiyo wenzangu walipokuwa wakitazama picha za mabwawa na wapishi wenye kofia ndefu, mimi nilikuwa nikitazama ramani ya meli. Unajua kazi yangu. Miaka ishirini na sita nimekuwa matroni wa bweni la wasichana, nikiwagawia vitanda watoto mia mbili na arobaini kila muhula, na nimejifunza jambo moja: kitanda si kitanda, kitanda ni majirani. Nani yuko juu yako, nani chini yako, nani ubavuni, na mlango wa choo uko hatua ngapi. Meli nayo ni bweni, tofauti yake ni kwamba hili linatembea.

Karani wa wakala wa safari, binti mwenye kucha za buluu, alinieleza kuwa njia ni mbili. Ama unachagua namba ya chumba mwenyewe, ama unaiachia kampuni ikuchagulie, unalipa pungufu kidogo, kisha unaambiwa umeangukia wapi siku chache kabla ya kuondoka. Alinishauri hiyo ya pili, kwamba watu wengi wanaipenda. Nilimwambia kwenye bweni langu wanaosema "popote tu, Matroni" ndio waliokuwa wakilala mlangoni mwa bafu.

Ramani nilikaa nayo wiki mbili. Meli, mdogo wangu, ni ubao wa bembea. Aliye omo, mbele kabisa, anapanda na kushuka, aliye tezi, nyuma, anapanda na kushuka na juu yake anatetemeshwa na mitambo, ila wa katikati anatikisa kichwa tu kama mtu anayekubaliana na mazungumzo. Tena meli inalala huku na huku kama mti kwenye upepo, na anayejua hilo zaidi ni ndege wa kileleni. Basi nikatafuta katikati, chini. Halafu nikatazama majirani. Chini ya bwawa hapana, viti vinaburutwa alfajiri. Juu ya ukumbi wa muziki hapana. Chumba chenye mlango wa ndani wa kuingilia kwa jirani hapana, kikohozi chake kitakuwa chako. Nikapata viwili vilivyopakana, sitaha ya nne, katikati kabisa, juu vyumba, chini vyumba, hatua ishirini hadi lifti. Dirisha havina. Kimoja cha Mama na mimi, kingine cha dada yako na Kapteni.

Kapteni alitamka kwamba mtu mzima hapandi meli akalale stoo. Unajua jina lenyewe lilitoka wapi: anafundisha udereva, na huwaambia wanafunzi wake kuwa ndani ya gari hii kapteni ni mimi. Bahari alikuwa hajaigusa hata kwa kidole. Mama ndiye aliyemjibu, bila kuacha kukunja nguo zake, kwamba akishafumba macho, dirisha la nini.

Siku tisa kabla ya safari ukaja ujumbe wa pongezi. Kampuni imetupandisha daraja, mimi na Mama, bure, hadi sitaha ya kumi na moja, chumba chenye roshani. Dada yako akapiga vigelegele. Jirani fundi cherehani akaja kutupa mkono. Mimi nikaenda kuifungua ramani, nikakaa chini. Chumba kilikuwa puani mwa meli, kileleni, na juu yake viti vya bwawa. Machela nikaiona kwa macho yangu.

Sasa, kwenye fomu kuna kiboksi kidogo kinachouliza kama utakubali kuhamishwa juu nafasi ikipatikana. Niliandika Hapana kwa herufi kubwa, nikampa Kapteni fomu aipeleke kwa kuwa ana gari. Akiwa njiani akaisahihisha, vyumba vyote viwili, kama anavyosahihisha wanafunzi wake. Wala hakuficha. Alisema amemfanyia mkwewe hisani.

Binti wa kucha za buluu aliniambia katika miaka yake sita ameona watu wakilia ili wapandishwe, hajaona anayelia ashushwe. Chumba chetu cha chini kilikuwa kimeshapewa watu wengine, na sitaha ya nne imejaa. Lililobaki ni kubadilishana wenyewe kwa wenyewe ndani ya familia, pande zote zikikubali kwa sahihi.

Hapo mtu mwingine angekwenda kumpigia Kapteni magoti. Mimi najua mtu akiombwa kitu ndipo hukiona ni mali. Nikarudi nyumbani, nikaanza kulalamika mbele yake. Roshani yenyewe pana mno. Mwanga mwingi, macho ya Mama yatastahimili vipi? Kitanda kama uwanja, watu wawili tutapotezana. Nikashusha pumzi mara mbili tatu. Jua halijazama, Kapteni akakohoa. "Shemeji," akasema, "mambo ya roshani yanataka mtu aliyeyazoea. Kama mzigo ni mzito, ndugu tupo." Nikamwambia ni jambo zito, niache nilifikirie. Saa moja asubuhi alikuwa getini kwangu na kalamu yake mwenyewe. Mbele ya karani niliomba neno moja tu liongezwe chini ya sahihi: kwenda na kurudi.

Siku ya kwanza bahari ilikuwa shwari kama chai iliyopoa. Kapteni alitualika juu tuione roshani, akatukalisha na kofia yake kichwani, akatuonea huruma. Dada yako alipomwita "Kapteni!" kutoka ujiani, mabaharia wawili wakageuka.

Siku ya pili bahari ilichafuka kabla ya kifungua kinywa. Chumbani kwetu kikombe kilisogea upana wa kidole, kikarudi mahali pake. Mama alikula mayai mawili, akaendelea kushona pindo la leso ya mdogo wake. Saa nne mlango ukagongwa. Dada yako mbele, Kapteni nyuma, mto kwapani, kofia mkononi, uso rangi ya boga bichi. Alfajiri viti vilikuwa vimeburutwa juu ya kichwa chake, halafu chumba kikaanza kupanda ghorofa na kuteremka, na roshani yenyewe mabaharia wamewaambia wasiifungue kwa sababu ya upepo. Mama akamtazama juu ya miwani. "Uende tezi, uende omo, marejeo ni ngamani," akamwambia. "Karibu, baba. Lala hapo chini."

Akalala kwenye zulia katikati ya vitanda vyetu, akasema asante. Miaka kumi na minne ya ndoa, sikuwahi kuisikia asante ile. Mimi nikamsogezea kikapu cha taka karibu na kichwa.

Siku ya tatu tukatia nanga. Mhudumu akaleta kiti cha magurudumu, kwa sababu kwenye orodha yake kulikuwa na bibi wa miaka sabini na tisa. Mama akakitazama kiti, akamtazama mkwe wake, akamwambia mhudumu, "Mpe huyu." Kisha akaweka mkono mmoja kwenye chuma cha pembeni mwa ngazi, kwa mwingine akanikataza nisimshike, akashuka. Vidato arobaini na viwili. Nilivihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine.

Mama Mdogo alikuwa nyuma ya kizuizi na mwavuli, amekuja na teksi iliyotandikwa shuka kiti cha nyuma, tayari kwa mgonjwa. Alikuwa akimtafuta dada yake kwenye kile kiti cha magurudumu. Mama akaenda hadi mbele yake, akasimama wima.

"Umechelewa," Mama Mdogo akasema.

"Nilikuwa natafutiwa chumba."

Baada ya hapo sikusikia kitu, walikuwa wameshikana, na mwavuli ulikuwa chini. Shuka ya teksi haikupotea bure, Kapteni aliilalia hadi nyumbani. Wao wawili walikaa jikoni saa zote tisa kwenye benchi moja, na kila mmoja wetu aliyechungulia alifukuzwa. Kurudi bahari ilichafuka tena, na zulia letu lilikuwa na mpangaji.

Msalimie mkeo, mbusu mwanao kwenye meno yake yote, na yule rafiki yako kinyozi mwambie tunamkumbuka. Mama anakutumia baraka zake: upate usingizi popote utakapolala, na jirani mwema pande zote, na juu.

Mama Mdogo naye ameamua kuja kwetu Desemba, kwa meli hiyohiyo, na ramani nimeshaitandaza mezani. Jana Kapteni alipita hapa. Yeye ndiye atakayemfuata Mama Mdogo kumleta. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini vyumba vya katikati, sitaha ya nne, vinaanzia namba ngapi.

Ni mimi dada yako akupendaye, na asiyeyumba tena sana,

Matroni