Nimemtafutia Shemeji Kazi ya Mbali

Jumatatu, Julai. Baridi, ukungu, mlima haujajitokeza tangu Ijumaa. Arusha nzima imevaa sweta.

Leo nina wivu. Naandika hivyo mapema ili nisianze kuzunguka. Mwanamume mzima, dereva wa watalii, mtu ambaye amewahi kusimamisha gari pembeni ya simba dume na kuendelea kunywa chai yake, namwonea wivu shemeji yangu kwa sababu ya kuku.

Si kuku hasa. Lakini tuanzie hapo.

Shemeji huyu anaitwa Loti, ni mdogo wa mke wangu. Alikuwa na kazi yake ya maana kiwandani, fundi wa mitambo, ovaroli ya buluu, mshahara kila mwisho wa mwezi. Enzi hizo mimi ndiye niliyekuwa sina mbele wala nyuma. Halafu mambo ya soko huria yakaingia. Kiwanda kikauzwa kwa mwekezaji, mwekezaji akaja, akatazamatazama, akafunga geti. Wakati huohuo kampuni za watu binafsi za utalii zikaota kila kona ya mji, na kila mwenye leseni na Kiingereza cha kuombea maji akapewa usukani. Mimi nikiwemo.

Basi Loti akaja kwetu Sombetini na begi moja na godoro lake. Kwa muda, tulisema. Muda huo sasa unaingia mwaka wa pili. Analala sebuleni, na kabla hatujaamka godoro limeshakunjwa na chai iko jikoni.

Sina cha kumlaumu. Hanywi, hapigi kelele, hagombani na mtu. Ndiyo maana inaniuma zaidi. Angekuwa mlevi ningemchukia na kulala usingizi mzuri.

Nina watoto wawili. Nuru ana miaka mitano, yuko chekechea. Eli ana miwili na ushee, yuko kila mahali. Mke wangu, Mama Nuru, anatoka alfajiri kwenda dukani kwake Kilombero, mimi niko porini. Anayebaki nao ni Mjomba Loti. Yeye ndiye anayewaogesha, ndiye anayempeleka Nuru shule na kwenda kumchukua. Amejifunza hata kusuka. Mikono iliyozoea spana! Anamkalisha Nuru kwenye kigoda, anamsuka twende kilioni, mistari imenyooka vizuri kabisa. Mwanzoni majirani walimcheka. Baadaye wakaanza kumletea watoto wao.

Mimi nikirudi kutoka safari, Eli anajificha nyuma ya miguu ya Loti na kunichungulia kama vile nimekuja kusoma mita ya umeme. Nampa biskuti za hotelini. Anazipokea, kisha anazikimbiza kwa mjomba wake amfungulie pakiti. Nimekaa palepale, na mikono ninayo.

Sijawahi kumwambia mtu hili. Naona aibu.

Sasa kuku. Jana ilikuwa Sikukuu ya Mavuno usharikani kwetu, kule nyumbani mlimani nilikozaliwa. Tulipanda wote watano. Kwa asiyejua mambo yetu: siku hiyo kila mtu analeta sadaka ya alichovuna au kufuga. Ndizi, kahawa, mayai, maziwa, mbuzi kama yupo. Ibada ikiisha, vyote vinatolewa nje na kunadiwa. Raha ya mnada huu ni kwamba ukinunua kitu si lazima uende nacho kwako. Unaweza kumzawadia mtu, jina lake likatangazwa mbele ya usharika wote, akajitokeza kupokea, akapigiwa vigelegele. Nimeona watu waliokosana wakimalizana hapo kwa mkungu wa ndizi.

Nuru alimpenda kuku mmoja mweupe aliyefungwa miguu. Alinivuta koti. "Baba, yule. Yule, Baba." Aliniomba mimi. Hakumwomba mjomba, ambaye hata hivyo mfukoni hana kitu. Nilisikia raha isiyo kifani, nikanyoosha mkono.

Aliyekuwa ananadi ni Mzee Anaeli, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kusikika mpaka kijiji cha pili. "Msimwone kanyamaza, kuku huyu anataga! Hapa yuko kwenye maombi tu!" Mwalimu mmoja mstaafu naye alimtaka kuku huyo, tukapandishiana mpaka akacheka na kuniachia.

"Baba Nuru kamshika!" akasema Mzee Anaeli. "Haya, anakwenda kwa nani?"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Nikaona nitoe maonyesho kidogo mbele ya watu wa kwetu. Nikasema, "Muulizeni Nuru mwenyewe. Ampe anayempenda kuliko wote."

Nilikuwa nimeshaweka koti vizuri.

Nuru alimkumbatia kuku kifuani. Akampita bibi yake. Akampita mama yake. Akanipita na mimi, karibu kabisa, bawa la kuku likagusa suruali yangu. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye tangi la maji, ambako Loti alikuwa amesimama nyuma ya watu, Eli amemlalia begani.

"Mjomba, shika."

Vigelegele! Mzee Anaeli akaona amepata la kusema. "Mjomba hoyee! Baba leo kaja kulipa tu!" Watu wakacheka, bila ubaya wowote. Nami nikacheka. Nadhani nilicheka kuliko wote, na nilikuwa bado nacheka wenzangu walipokuwa wameshahamia kwenye mkungu wa ndizi.

Loti alinifuata, uso umemshuka. "Shemeji, mchukue wewe. Huyu ni mtoto tu, hajui."

"Aa, wako huyo," nikamwambia. "Mtoto kachagua." Nilitumia ile sauti ninayowapa wageni waliozunguka kreta kutwa nzima bila kumwona faru.

Anajua. Hilo ndilo tatizo, mtoto wa miaka mitano anajua vizuri sana.

Tulikwenda kula kwa mama yangu. Akatugawia loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando ninayoyaota nikiwa porini. Loti alikuwa anamlisha Eli huku anajilisha mwenyewe kwa mkono mwingine, na mama yangu, mama yangu mzazi, akasema, "Loti mwanangu, Mungu akupe wa kwako."

Ndipo nikasema.

Nikasema bosi wangu anatafuta fundi wa kukaa kambini. Kambi ya mahema kule Serengeti kaskazini, kutunza jenereta, pampu ya maji na magari. Mshahara mzuri, chakula chao, likizo kila baada ya miezi kadhaa. Nikasema kama mtu aliyekumbuka ghafla, huku najilamba vidole. Ukweli ni kwamba habari hiyo nilikuwa nayo tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nimepanga kumpa dereva mwenzangu ampelekee kaka yake. Jina la Loti halikunipitia kichwani hata kidogo, mpaka kuku yule alipogusa suruali yangu.

Nilichotaka ni umbali. Basi.

Loti aliweka bakuli chini. Akafunika uso kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. Mama yangu akainua mikono na kuniombea pale pale. Mama Nuru alinishika mkono mbele ya mama mkwe wake, kitu ambacho hafanyi, akasema, "Asante, Baba Nuru. Sikujua unamfikiria hivi."

Wote walinishukuru.

Nilizipokea shukrani zao. Wivu wangu haukuondoka, ulivalishwa tu nguo za Jumapili.

Tuliporudi Sombetini jioni, Loti hakukaa. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa jina lake, akawa ananifuata huku na kule kunikabidhi nyumba. "Shemeji, Eli usimpe uji wenye utando juu, anautapika. Na kijiko kiwe kile chekundu." Nikaitikia. "Nuru akisema asubuhi tumbo linauma, si tumbo. Kuna mtoto pale chekechea anamnyang'anya kalamu za rangi. Mwalimu nimeshamwambia, ila mkumbushe." Nikaitikia tena. "Na radi ikipiga, mwambie ni Mlima unakohoa. Anatulia."

Sikuwa najua hata moja kati ya hayo. Mtu alikuwa ananifundisha wanangu kama ninavyowafundisha wageni wanyama.

Kisha akasema, "Nilikuwa naogopa kukuomba unitafutie kazi, shemeji. Niliona utadhani nimechoka na watoto wako."

Nilikwenda kuangalia gari nje. Gari halikuwa na tatizo.

Leo asubuhi sasa. Chekechea wamefunga, kwa hiyo watoto walikuwa uani wanacheza baba na mama. Mimi nilikuwa dirishani jikoni na kikombe changu, nikasema ngoja nione. Nuru ndiye aliyekuwa anapanga kila kitu, kama kawaida yake. "Mimi mama. Eli, wewe baba. Haya chukua begi." Eli akatundika begani mfuko wangu wa darubini, ule wa zamani, unamfika magotini. Akatoka nje ya geti. Nuru akalifunga, akampungia mkono kupitia tundu.

Mchezo ukaendelea. Nuru akapika udongo kwenye kopo. Akamlisha mdoli, akamwogesha, akamsuka. Akamlaza, akamwamsha, akampeleka shule mpaka kwenye mgomba na kumrudisha. Nikawa nasubiri baba arudi. Nilisubiri kweli, chai ikapoa.

Nikafungua dirisha. "Nuru, baba hajarudi?"

Akanitazama kwa uvumilivu, kama mtu mzima anayeulizwa jambo la kitoto. "Baba yuko safari."

"Atarudi lini?"

"Akirudi analala. Kachoka."

Alisema bila kinyongo chochote. Hakuwa ananisema mimi, alikuwa anaeleza kanuni za mchezo.

Nikatoka. Eli alikuwa amesimama nje ya geti, kamasi zinamtoka, mfuko begani, anaitazama barabara. Nikamwambia aingie ndani kuna baridi. Akatikisa kichwa. "Bado. Mimi baba." Nikavua koti langu nikamfunika. Koti alilikubali. Nikamnyooshea mkono, akauacha. Alikuwa kazini.

Nilisimama naye hapo muda. Watu walipita, wakatusalimu, wakaona baba na mwanawe wanaota jua ambalo halipo. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu jana, nilipiga hesabu niliyopaswa kuipiga kabla sijafungua mdomo kwa mama. Loti anaondoka Jumamosi na gari linalopeleka vyakula kambini. Mimi natoka Alhamisi na wageni, na baada ya hao wako wengine, na baada ya hao wengine tena, mpaka msimu uishe. Nimemwondoa mtu nikidhani nafasi yake itaniangukia mimi. Nani ataidaka nafasi hiyo? Sitakuwepo. Tutatafuta msichana wa kazi, na nitarudi siku moja nimkute Eli nyuma ya miguu ya msichana wa kazi, na nitamwonea wivu yeye.

Jina la Loti nimeshalipeleka kwa bosi, kwa simu, jana hiyohiyo. Sitalirudisha. Nilimtoa kwa nia mbaya, lakini kazi ni nzuri na yeye ni fundi kweli, na jana nilimwona akilia kwa ajili ya kupata kazi. Hilo nitalibeba mwenyewe, yeye aende zake kwa amani. Akija likizo nitamchinjia mbuzi, na Nuru akimkimbilia yeye kwanza nitanyamaza.

Lililobaki ni langu. Bosi amewahi kuniambia, zaidi ya mara moja, kwamba akipata mtu wa kuaminika wa hapa mjini atafurahi. Kupokea wageni uwanja wa ndege, kuwapeleka kuona wanyama Momella, hapa jirani, asubuhi na kurudi jioni. Unalala kwako kila siku. Sisi madereva tunaiita kazi ya wazee, na bakshishi yake ni ya wazee pia. Kila mara nilimjibu kwamba siwezi, nina watoto, nahitaji safari ndefu.

Ni uongo. Tungekula. Tungebana hapa na pale, lakini tungekula. Ukweli ni kwamba napenda barabara. Napenda wageni wanaponishika mkono mwisho wa safari na kuniambia mimi ndiye bora waliyewahi kumpata. Kule porini nikinyoosha kidole kila mtu anatazama ninakoonyesha. Nyumbani sijui kijiko kiko wapi.

Naandika haya kwenye kafe ya intaneti mjini. Ofisi yetu iko ghorofa ya juu, ngazi ziko hapo nje tu, na bosi yupo, nimemsikia akiongea na simu. Nimekaa hapa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuandika haya.

Napanda sasa. Nisipopanda leo, kesho nitakuwa nimeshapata sababu nzuri ya kutopanda, na nitaipa jina la Nuru au la Eli.