Timu ya Ishirini na Nne

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limeacha kukusumbua ukipanda ngazi za darasani. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na huko chini utajua kwa nini.

Kazi ya kusajili timu za mashindano ya roboti ya wanafunzi imenikolea. Mwaka juzi kanda yetu ilikuwa na timu tisa, mwaka jana kumi na tano, na mwaka huu zimefika ishirini na tatu. Mkuu wangu, tunayemwita Rula kwa kupenda mistari iliyonyooka, amebandika chati ukutani na kila mgeni lazima aoneshwe, hata fundi aliyekuja kuziba bomba.

Ila kanda hupewa mashindano yake ikifikisha timu ishirini na nne. Zikipungua, watoto husafiri siku mbili hadi kanda jirani. Mwaka jana timu sita zilishindwa kwenda. Mwalimu mmoja alinipigia simu akasema wanafunzi wake walilia wakifungua roboti yao skrubu moja moja na kuirudisha kwenye boksi.

Siku ya mwisho Rula alizunguka meza zetu akiuliza kama kuna fomu iliyosahaulika kwenye droo. Nikamwambia ipo moja. Alifurahi mpaka akaniita mwanangu, na ratiba ikatoka siku hiyo hiyo.

Dada, fomu hiyo haikuwepo. Niliijaza mimi, kwa jina la shule yako, na penye mlezi wa timu nikakuandika wewe. Najua nimekosa. Shule zilikuwa nyingi, lakini tangu klabu yako ya sayansi ifungwe barua zako zimekuwa za mistari mitatu, nami nimemkosa dada yangu aliyekuwa akinichosha kwa habari za betri na mota.

Nipigie kabla ya Jumatatu. Ukikataa, nitakwenda kwa Rula nimweleze yote, na wallahi sitakununia. Ukikubali, boksi la vifaa litakufikia Ijumaa. Tafuta wanafunzi wanane na meza moja imara.

Msalimie shemeji na walimu wenzako. Nafasi ya jina la timu nimeiacha wazi. Hilo sikuthubutu kulibuni. Ni la watoto wako.

Ni mimi, mdogo wako msumbufu.