Kwa Mama Ornella Shekiondo, Aliyeimba Italia na Rangwi

Mama, leo mwaka umetimia tangu ulipotutoka hapa nyumbani Rangwi, na bado hatujazoea.

Ulizaliwa Italia, binti wa mwoka mikate. Miaka mingi ulisimama nyuma kabisa katika kwaya ya jumba la opera, mpaka mwimbaji mkuu alipougua na wewe ukasukumwa mbele. Tangu hapo ukawa sauti ya kwanza ya kutafutwa, Parma, Torino, hata Napoli. Baba, aliyekuwa huko akisomea misitu, alikusikia akiwa kwenye viti vya juu, vile vya bei rahisi, akashuka kukungoja mlangoni. Kwenu walisema umechanganyikiwa. Ulimfuata hivyo hivyo mpaka huku kwao.

Hapa ulilima karoti na kabichi, na kwaya ya parokia uliifundisha bila kuchoka. "Pumzi itoke tumboni, siyo puani," ulizoea kuwaambia wasichana. Jirani yetu Mama Shamsa ni Mwislamu, kanisani haingii, ila ulipokuwa ukifanya mazoezi nyumbani alileta mboga zake kuzichambulia barazani kwetu, apate kukusikia.

Kisha kiharusi kikakuondolea Kiswahili chote. Kilibaki Kiitaliano, nasi wanao, Dorkasi na Yeremia, hatukijui; anakijua Baba tu. Baba asipokuwepo tulibahatisha, tukakuletea maji, blanketi, rozari, vyote ulivisukuma. Siku ile ya mwisho ulikazana na swali moja tu.

"Anataka nini, Baba?" Dorkasi aliuliza.

"Anauliza kama watu wameshaingia."

"Watu gani?"

"Wa kumsikiliza."

Yeremia akasema, "Mwambie wameingia. Mwambie pamejaa."

Baba akakuambia. Ukajivuta ukakaa wima, ukanyoosha shingo, ukafungua kinywa. Ikatoka pumzi tu. Ukajaribu tena. Baba amekushika mgongo, nasi tumesimama pale, watu wazima, hatujui tupige makofi au tulie. Ulitutazama mmoja mmoja, ukingoja, mpaka ukachoka ukalala. Hukuamka. Hata leo hatujui tungefanya nini.

Unakumbukwa na mume wako Kristofa, wanao Dorkasi na Yeremia, mkweo Imelda na wajukuu zako, dada yako Fiorenza huko Italia, wanakwaya wako wote, na Mama Shamsa, ambaye bado huja kukaa barazani.

Pumzika, Mama. Siku zetu zote tutakukumbuka.